Kufunga Kamshafti ya Lori la Dizeli na Kutafuta Chanzo cha Hitilafu Zake

Lori linapoingia gereji injini ikigonga “ta-ta-ta” upande wa juu, jambo la kwanza analofanya fundi yeyote ni kufungua kifuniko cha roka (mikono midogo inayozisukuma valvu) na kurekebisha nafasi za valvu, yaani upenyo mdogo kati ya roka na valvu, na mara nyingi mlio huishia hapo. Lakini lori hilohilo likirudi baada ya wiki mbili likigonga vilevile, na valvu ileile imeachia tena, fundi hana budi kuiweka bisibisi chini. Nafasi ya valvu haijiongezi yenyewe. Kuna nundu ya kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, inayolika huko ndani, na kila skrubu ya roka inapokazwa, mlio unaahirishwa kwa siku chache tu, huku chuma kikiendelea kusagika na kuingia katika oili.

Mfano nitakaoutumia zaidi ni Cummins 6BT ya lita 5.9, yenye silinda sita na valvu 12, ambayo imo katika malori kadhaa ya Tata na Dongfeng na ambayo kamshafti yake hukaa ndani ya bloku, ikisukuma valvu kupitia tapeti (kipande kinachokaa juu ya nundu), pushirodi (fimbo ndefu inayopanda kutoka kwenye tapeti) na roka. Panapobidi nitaigusa Isuzu 4HK1 ya malori ya NQR na FRR ya miaka ya karibuni, ambayo kamshafti yake iko juu ya hedi. Kanuni ya msingi ni moja kwa zote mbili: kamshafti huzunguka mara moja kila krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili. Jingine ambalo ningependa fundi alishike kabla ya kufungua nati ya kwanza ni kwamba kamshafti ni nadra kufa yenyewe. Huuawa na oili isiyofika au iliyochoka, na tapeti iliyokwama isizunguke, au na bushi (pete ambayo kamshafti huzunguka ndani yake) iliyopigwa vibaya, na asiyemtafuta muuaji huyo atafunga kamshafti mpya leo na nyingine kabla mwaka haujaisha.

Kuhakikisha kwamba kosa ni la kamshafti

Anza na filta ya oili. Ikate kwa msumeno mbali na karatasi yake, ukunjue karatasi hiyo juu ya meza safi yenye mwanga, kisha pitisha sumaku juu yake. Unga mweusi unaoshika sumaku na unaometa ukiusugua kwa kidole unatoka kwenye chuma kigumu, yaani nundu, tapeti au gia, ilhali vipande vya rangi ya shaba au fedha visivyoshika sumaku hutoka kwenye bushi na metali za krankshafti. Dalili hii peke yake haitoshi kuifungua injini, lakini hukuambia utazame wapi.

Hatua inayofuata ni kutenganisha mlio wa valvu na mlio wa injekta, kwa sababu masikio huchanganyikiwa kwa urahisi. Katika 6BT yenye pampu ya kawaida, legeza kidogo nati ya bomba la injekta moja injini ikiwa katika sailensa ya chini, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta. Mlio ukibadilika au kupotea, chanzo kimo katika uchomaji wa silinda hiyo, na ukiendelea bila kujali, tafuta kwenye valvu na kamshafti. Jambo hili lisifanywe kamwe kwenye 4HK1 wala injini nyingine yoyote ya reli ya pamoja, yaani yenye bomba moja la presha kubwa linalolisha injekta zote. Presha ndani ya mabomba hayo huweza kupita baa 1,000, na dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi kama sindano.

Kuna pia mlipuko mdogo unaorudi kwenye bomba la kuingizia hewa, “pof”, kila baada ya muda uleule. Watu wengi huitupia lawama valvu ya kuingiza hewa, na inaweza kuwa kweli, lakini mara nyingi mkosaji ni nundu ya valvu ya ekzosi: ikilika kiasi cha kutoifungua valvu vizuri, moshi hubaki ndani ya silinda, na valvu ya hewa inapofunguka moshi huo hutokea mlango wa kuingilia.

Uthibitisho wenyewe hupatikana kwa kupima. Funga saa ya kupimia juu ya hedi, kidole chake kikae juu ya ncha ya pushirodi, zungusha injini kwa mkono mpaka nundu ipite, na uandike ni milimita ngapi pushirodi imepanda. Fanya hivyo kwa zote 12. Si lazima uwe na kitabu ili uone ukweli, kwa sababu nundu za hewa zinapaswa kulingana zenyewe kwa zenyewe, na za ekzosi vivyo hivyo. Ile iliyopungukiwa itajitenga kwenye karatasi yako kama kidole kilichokatwa.

Ukipima kompresheni, usisahau mahali ulipo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni karibu asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Injini nzima ambayo ingesoma baa 28 kule pwani itasoma karibu baa 23 hapa Industrial Area, na nimeona hedi ikifunguliwa bure kwa sababu fundi alilinganisha namba za saa yake na za kitabu bila kulipima jambo hilo. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo yenye habari zaidi.

Spea

Kabla ya kwenda Kirinyaga Road, nakili namba ya injini kutoka kwenye kibati chake na uichukue kamshafti ya zamani ikiwa tayari imetoka. Ilaze ya zamani na mpya sambamba kwenye kaunta na uhesabu: shingo, yaani sehemu za mviringo ambazo kamshafti huzungukia, ni saba katika 6BT, nundu za valvu ni 12, na kuna moja ya ziada inayoendesha pampu ndogo ya kuvuta dizeli. Tazama kama mfereji wa kiloko, kile kipande cha chuma kinachoifunga gia isiteleze juu ya kamshafti, umekaa pembe ileile. Pitisha ukucha juu ya kila nundu mpya; ukikwama popote, irudishe.

Tapeti mpya zote 12 hununuliwa pamoja na kamshafti, na hapa sina mjadala. Uso wa tapeti ya aina hii huchongwa ukiwa na mbinuko mdogo sana, ili nundu inapoisukuma iwe pia inaizungusha, na kule kuzunguka ndiko kunakosambaza mikwaruzo. Tapeti ya zamani imeshapoteza mbinuko huo na imechukua sura ya nundu iliyoizoea. Miaka kadhaa iliyopita niliridhia ombi la mwenye lori lililokuwa likibeba mawe kutoka Ndarugu. Pesa zilikuwa zimeisha, akaniomba nirudishe tapeti zake, nami nikakubali kwa kuwa kwa macho zilionekana safi. Lori lilirudi kabla ya miezi miwili kwisha, nundu ya ekzosi ya silinda ya tano ikiwa imelika mpaka ikakaribia kuwa mviringo. Kazi ya pili niliifanya bila malipo, maana kosa lilikuwa langu.

Njia rahisi ya kuzikagua tapeti mpya ni kukutanisha mbili uso kwa uso na kuzielekeza kwenye mwanga: zikibinuka vizuri zitayumba kidogo katikati na mwanga utaonekana pembeni. Zisipoyumba kabisa, muulize muuzaji kama anazo nyingine. Orodha yako ikamilike kwa bushi ya mbele, sahani ya kuzuia kamshafti isitembee mbele na nyuma, oili sili ya mbele, gasketi, filta, na oili ya 15W-40 kutoka kwenye duka unaloliamini.

Kufungua na tatizo la tapeti

Zuia magurudumu kwa vigingi, ondoa waya za betri, mwaga maji, kisha utoe rejeta na chochote kinachoziba njia ya mbele, kwa kuwa kamshafti hutoka ikiwa nzima na inahitaji nafasi inayokaribia urefu wa injini yenyewe. Peleka pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa, mwisho wa kukandamiza hewa. 6BT ina pini ndogo nyuma ya nyumba ya gia ambayo husukumwa ikaingia kwenye tundu la gia ya kamshafti kuthibitisha hali hiyo. Ikishathibitisha, ivute nje mara moja, kwani injini ikizungushwa pini ikiwa ndani itakatika na vipande vyake vitaanguka kwenye gia.

Toa roka na pushirodi, na kila kimoja kikae katika nafasi yake. Mimi hutumia katoni iliyotobolewa matundu 12 na kuandikwa namba kwa kalamu ya rangi. Fundi akumbuke kwamba katika injini hii bolti kubwa ya kila kiti cha roka ndiyo pia bolti ya hedi, hivyo wakati wa kurudisha itakazwa kwa utaratibu wa hedi.

Sasa tunafika mahali ambapo kazi nyingi huharibika. Tapeti za 6BT zina umbo la uyoga na kichwa chake kipana kiko upande wa chini, kwa hiyo haziwezi kuchomolewa kwa juu, na ukivuta kamshafti bila kuzishika zote zitaanguka juu ya krankshafti. Dawa yake ni vijiti 12 vya mbao, vilivyonyooka na kuchongwa ncha ili vikaze ndani ya tundu la tapeti. Sukuma kila kijiti kupitia tundu la pushirodi mpaka kiishike tapeti, kivute juu mpaka tapeti ifike mwisho wa njia yake, kisha ukifunge pamoja na mwenzake kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ili visirudi chini. Jaribu kila kimoja kwa kukigonga taratibu kwa kidole. Kikiteleza sasa, ni afadhali kuliko kuteleza kamshafti ikiwa nusu nje.

Ondoa pampu ndogo ya dizeli iliyo ubavuni, halafu puli ya mbele na kifuniko cha gia. Safisha meno, zitafute alama za krankshafti, kamshafti na pampu ya injekta, na kama alama ya kiwandani haisomeki, weka yako kwa rangi nyeupe kabla ya kugusa chochote. Papo hapo tazama pini ya chuma iliyopigwa kwenye nyumba ya gia. Katika injini za aina hii pini hiyo hujulikana kwa kulegea kutokana na mtikisiko hadi kudondoka kati ya gia zikiwa zinazunguka, na kibati kidogo kinachobanwa chini ya bolti ya jirani yake huizuia kabisa. Ukiwa umeshafika hapo, kutokifunga kibati hicho ni uvivu.

Bolti mbili za sahani ya mbele hufikiwa kupitia matundu ya gia. Zikitoka, vuta kamshafti polepole ukiizungusha, mkono mmoja ukiibeba ili nundu zisiikwaruze bushi. Tapeti za zamani huteremshwa moja moja kwenye mfereji maalumu wa bati unaoingizwa katika njia ya kamshafti, na mpya huvutwa juu kupitia njia hiyohiyo. Kazi hiyo inataka subira ya mvuvi, na kama injini imeshashushwa kwa sababu nyingine, igeuze juu chini uziweke kwa mkono.

Kurudisha

Osha bloku, pitisha waya laini kwenye kila tundu la oili ukimaliza kwa hewa ya kompresa, na upime shingo kwa maikromita na njia zake kwa kipimo cha ndani, ukilinganisha na kitabu cha injini uliyo nayo. Kiwandani 6BT ilipewa bushi kwenye njia ya mbele tu, na hizo nyingine huzunguka moja kwa moja ndani ya chuma cha bloku. Unapopiga bushi mpya, tundu lake la oili lazima likae sawasawa na la bloku: chungulia kwa tochi, kisha upitishe kijiwaya. Bushi iliyopishana na tundu kwa milimita chache itaonekana imekaa vizuri kwa nje, na itaua kamshafti kwa kiu.

Gia haipigwi kwa nyundo wala haipashwi kwa moto wa gesi, kwa kuwa moto huo huchoma upande mmoja na kuuharibu ugumu wa meno. Ipashe ndani ya oveni kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 45, weka kiloko kwenye kamshafti, kisha uidondoshe gia mahali pake alama ya taimingi ikitazama nje. Itaingia kwa uzito wake ukifanya haraka. Ukisitasita itashika katikati, na utaanza upya.

Paka nundu zote na nyuso za tapeti grisi ya kufungia yenye molibdeni, na shingo uzipake oili safi. Ingiza kamshafti ukiizungusha kidogo kidogo, uikutanishe gia na alama zake, halafu ukaze sahani kwa spana ya torki. Usiisukume kwa pupa ikifika mwisho, kwa sababu nyuma ya bloku kuna kizibo cha bati, na madhara yake nitayaeleza baadaye. Pima kwa saa mchezo wa kamshafti mbele na nyuma, na mchezo kati ya meno ya gia. Kwenye 6BT gia ya krankshafti hugusana moja kwa moja na ya kamshafti, kwa hiyo alama hurudiana kila baada ya mizunguko miwili ya krankshafti. Katika injini zenye gia za katikati, alama zilizo kwenye gia hizo huweza kuhitaji mizunguko mingi kabla ya kurudi, na fundi asitaharuki akidhani amekosea.

Viringisha kila pushirodi juu ya kioo, inayoruka imepinda. Baada ya roka kukazwa, rekebisha valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.25 kwa za hewa na 0.51 kwa za ekzosi. Silinda ya kwanza ikiwa juu mwisho wa kukandamiza, rekebisha zote mbili za kwanza, ya hewa ya pili, ya ekzosi ya tatu, ya hewa ya nne na ya ekzosi ya tano. Zungusha krankshafti duara moja kamili, kisha umalizie ya ekzosi ya pili, ya hewa ya tatu, ya ekzosi ya nne, ya hewa ya tano, na zote mbili za sita. Kwa 4HK1 nafasi ni milimita 0.4 kwa zote, na vifuniko vya kamshafti yake vina namba na mishale ambayo haibadilishwi. Hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa awamu.

Kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ukizuiwa na kitu kigumu, simama. Usimwombe taniboi aongeze bomba kwenye spana, kwani huenda ni valvu inayokutana na pistoni.

Kuiwasha

Jaza filta oili kabla ya kuifunga. Zuia dizeli isiingie, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka saa ya oili ipande, ndipo urudishe dizeli na kuwasha. Injini isiachwe katika sailensa ya chini: nundu hupata sehemu kubwa ya oili yake kwa kurushiwa na krankshafti, na mzunguko wa chini haurushi vya kutosha. Ishike karibu mizunguko 1,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 hivi, ukitazama presha na joto. Mwage oili hiyo mapema, ukate filta tena, na upime nafasi za valvu baada ya lori kufanya kazi siku chache. Nafasi zikiwa zimebaki palepale, kamshafti na tapeti zimezoeana.

Mambo yakienda mrama

Injini ikikataa kuwaka, au ikiwaka kwa shida na moshi mweupe, shuku taimingi kabla ya kushuku spea. Gia ya kamshafti yenye meno 72 ikiruka jino moja, kamshafti hukosea kwa nyuzi 5, ambazo ni nyuzi 10 za krankshafti, na kwa kuwa pampu ya injekta huendeshwa na gia hiyohiyo, dizeli nayo huingia wakati usio wake. Kompresheni itakuwa chini katika silinda zote kwa kiasi kinachofanana. Ikiwa chini katika silinda moja tu, tazama valvu iliyokazwa kupita kiasi au pushirodi iliyotoka kwenye tapeti. Katika 4HK1, kompyuta hulinganisha ishara za sensa ya krankshafti na ya kamshafti, na zisipoafikiana huweka msimbo wa hitilafu. Kubadilisha sensa kabla ya kukagua alama za gia ni kumtoza mwenye gari deni la kosa lako.

Mlio wa “wiii” unaopanda na mwendo hutokana na gia zilizobanana mno, na mgongano wa sailensa ya chini unaopotea ukikanyaga mafuta hutokana na gia zinazocheza. Presha ya oili iliyoshuka baada ya kazi, ilhali kabla yake ilikuwa sawa, hunipeleka moja kwa moja kwenye bushi ya mbele. Lori likinyimwa dizeli linapopanda mlima, na filta zake ni mpya, angalia nundu ya pampu ndogo, ambayo wengi huisahau kwa kuwa haifungui valvu yoyote.

Kilichobaki ni kile kizibo cha nyuma. Kamshafti ikisukumwa kwa nguvu hukigonga kikalegea, na oili huanza kutiririka ndani ya nyumba ya flaiwili mpaka klachi iteleze. Karibu kila anayeona oili mahali hapo huilaumu sili ya nyuma ya krankshafti, akashusha giaboksi, akaibadilisha, na uvujaji ukaendelea kama kawaida. Giaboksi ikiwa chini, ondoa flaiwili na, kabla ya kufuta chochote, mulika kwa tochi uifuate njia ya oili: oili inayoanzia juu na pembeni ya sili, kwenye mstari wa kamshafti, inatoka kwenye kizibo.